Mwongozo kamili wa kuupokea mwanzo wa majira ya baridi na msimu wa giza mjini Tromsø

Mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, uko kwenye latitudo ya nyuzi 69 na dakika 39, takriban kilomita 350 kaskazini ya Duara la Aktiki. Kuanzia tarehe 27 Novemba hadi katikati ya Januari jua halipandi juu ya upeo wa macho, na kwa kuwa mji umezungukwa na milima, wakazi wake hukosa kuliona tangu tarehe 21 Novemba au karibu na hapo hadi tarehe 21 Januari. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayehamia huko akitokea nchi ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima: mwanafunzi kutoka Dar es Salaam au Nairobi aliyepata nafasi chuo kikuu, mtu aliyemfuata mwenzi wake wa ndoa, au familia ya Wakongomani iliyopewa makazi Norwe baada ya kuishi kambini Uganda au Tanzania.

Ningependa msomaji ashike jambo moja kabla ya mengine yote: kazi ya kujiandaa ni ya mwezi Oktoba, jua likiwa bado lipo. Anayesubiri mpaka giza litande ndipo atafute viatu, taa na ratiba ya kulala, huyo anaanza safari akiwa tayari amechoka.

Ielewe kwanza hali ya hewa ya mahali penyewe

Wengi husikia neno Aktiki wakafikiria baridi ya kugandisha pumzi, na kwa Tromsø dhana hiyo inapotosha. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka Atlantiki hupita kandokando ya pwani ya Norwe na kuifanya bahari isigande, hivyo wastani wa Januari mjini huwa nyuzi tatu au nne za sentigredi chini ya sifuri. Kiwango cha chini kabisa kilichowahi kupimwa kwenye kituo kikuu cha hali ya hewa mjini ni nyuzi 18.4 chini ya sifuri, Februari 1966. Ukienda bara, mambo hubadilika kabisa: Karasjok, katika uwanda wa juu wa Finnmark, ndiko ilikopimwa rekodi ya baridi ya Norwe nzima, nyuzi 51.4 chini ya sifuri, tarehe 1 Januari 1886. Kwa hiyo ushauri wa mtu anayeishi Karasjok usiuchukue ulivyo ukiwa pwani.

Hali hii ya upole ina hatari yake. Mwezi Novemba na Desemba kipimajoto hupanda na kushuka kuzunguka sifuri, pengine mara kadhaa ndani ya juma moja. Leo theluji inaanguka na kushindiliwa na miguu ya watu. Kesho mvua inanyesha juu yake na kuilainisha. Usiku unaofuata baridi inarudi, na barabara nzima inakuwa barafu ngumu inayong'aa. Nyuzi kumi chini ya sifuri, hewa ikiwa kavu na theluji ikiwa ngumu, ni rahisi kuzimudu kuliko nyuzi mbili juu ya sifuri zenye mvua ya upepo inayolowanisha nguo kwanza na baadaye kuganda. Ndiyo sababu mavazi ya Tromsø lazima yazuie maji na upepo kabla ya kufikiriwa kama ni mazito.

Upepo nao una hesabu yake. Ikiwa ni nyuzi tano chini ya sifuri na upepo unavuma kwa mita 10 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi huhisi kana kwamba ni nyuzi 14 chini ya sifuri. Isitoshe, bahari ya kaskazini huzaa dhoruba ndogo za ghafla zinazoweza kugeuza anga tulivu kuwa ukungu wa theluji kwa muda mfupi. Zoea kusoma utabiri wa Yr, huduma ya Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwe na shirika la utangazaji la NRK, kila asubuhi na kila jioni, na usiishie kwenye nyuzi za joto peke yake: angalia kasi ya upepo, aina ya mvua, na kama joto litavuka sifuri usiku.

Jua giza linavyokwenda kwa hatua

Tarehe 1 Novemba bado kuna zaidi ya saa sita za jua kwa hesabu ya upeo wa macho. Katikati ya mwezi zimebaki kama saa nne. Na kabla ya mwezi kuisha hakuna tena. Mchana hupungua kwa dakika kumi au zaidi kila siku, na kwa maoni yangu majuma haya ya kupunguka ndiyo magumu kuliko Desemba yenyewe, kwa sababu mwili hauna muda wa kuzoea siku ya jana kabla ya kupewa siku iliyo fupi zaidi. Sababu ya yote haya ni mlalo wa mhimili wa dunia, nyuzi 23.4, unaoifanya ncha ya kaskazini igeuke upande usio na jua wakati huu wa mwaka.

Hata hivyo giza la Tromsø si la saa 24. Tarehe 21 Desemba, wakati wa adhuhuri, jua liko nyuzi tatu tu chini ya upeo wa macho, na mwanga wake hufika angani ingawa lenyewe halionekani. Kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi (09:30) hadi kama saa nane kasoro dakika kumi mchana (13:50), mbingu isipokuwa na mawingu mazito, kuna mwanga wa kutosha kutembea bila taa. Upande wa kusini huonekana wekundu na rangi ya waridi, na pande nyingine zote huwa za buluu nzito ambayo theluji huirudisha juu na kuikuza. Watu wa Longyearbyen, mji wa Norwe ulio kisiwani Spitsbergen kwenye latitudo ya nyuzi 78, hawapati hata hayo: kwao jua huaga mwishoni mwa Oktoba, na kwa miezi kadhaa adhuhuri na usiku wa manane havitofautiani. Anayehamia Tromsø ana karibu saa nne za mwanga kila siku, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kutozipoteza.

Hatua ya kwanza: mavazi, kabla ya mwisho wa Oktoba

Anza na nguo inayogusa ngozi, nayo iwe ya sufu. Pamba, ambayo ndiyo tuliyoizoea katika nchi za joto, hunywa jasho na kulishikilia, na unyevu huo ndio unaomtetemesha mtu anaposimama kusubiri basi. Sufu huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu. Nunua suti mbili za ndani za sufu nyembamba, za merino ukiweza, ili moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Juu yake vaa sweta nene au jaketi la manyoya laini, kisha koti la nje lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia inayoweza kukazwa na lenye urefu wa kufunika makalio. Suruali ya nje isiyopitisha maji ni kitu ambacho wageni hukiruka, kisha wakajuta mvua ya theluji ya kwanza inapowalowanisha mapaja.

Kwa mikono, glavu zisizotenganisha vidole hutunza joto kuliko zenye vidole, maana vidole vinapokaa pamoja hupashana. Kofia ifunike masikio. Wanawake wanaovaa hijabu wanaweza kuchagua ya sufu au kuvaa kofia nyembamba ya sufu chini yake, nayo hufanya kazi ya skafu pia.

Hakuna haja ya kutumia mshahara mzima dukani. Maduka ya mitumba ya Fretex na soko la mtandaoni la Finn huuza nguo nzuri zilizotumika kwa bei ndogo, na mpango wa BUA, unaopatikana katika manispaa nyingi za Norwe, huazimisha vifaa vya michezo ya theluji bila malipo. Pesa yako mpya iweke kwenye viatu.

Hatua ya pili: viatu, utelezi na kuonekana

Viatu vya majira haya vinunuliwe vikiwa na nafasi ya soksi nene ya sufu na bado vidole viweze kucheza, kwa sababu kiatu kinachobana huzuia damu na mguu hupoa haraka hata kiwe ghali namna gani. Soli iwe nene, laini kiasi na yenye meno. Soli ngumu ya plastiki huwa hatari inapopoa.

Kisha nunua brodder. Hivi ni vifaa vya mpira vyenye misumari mifupi ambavyo huvutwa juu ya kiatu cha kawaida na kukishika chini kwenye barafu; vinauzwa kwenye maduka ya viatu na ya michezo, na hata madukani mwa vyakula. Usione haya kuvivaa. Wazee wa mji na vijana huvivaa, na anayevidharau huweza kumaliza Desemba mkono ukiwa kwenye plasta. Vivue unapoingia ndani ya jengo, kwani juu ya sakafu ya vigae huteleza vibaya.

Kutembea kwenyewe kunabadilika. Piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima, weka uzito juu ya mguu wa mbele, legeza magoti, na acha mikono nje ya mifuko ili iweze kukusaidia kushika mizani. Ni mwendo ule ule wa mtu anayevuka mwamba wenye mwani maji yakiwa yamekupwa. Jihadhari zaidi na sehemu tatu: mteremko ulionyeshewa mvua, mlango wa duka ambapo theluji imeyeyushwa na joto kisha ikaganda tena, na theluji mpya nyembamba iliyofunika barafu ya zamani. Usipite chini ya ukingo wa paa lililobeba theluji siku joto linapopanda, maana theluji hiyo huporomoka kwa wingi na bila onyo.

Riflekta, yaani kipande kinachoakisi mwanga wa taa za gari, ni lazima kwa kila mtu. Dereva mwenye taa hafifu humwona mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa umbali wa mita 25 hadi 30 tu. Mtu huyo huyo akivaa riflekta huonekana kutoka kama mita 140. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na juu ya barafu breki haishiki upesi. Ning'iniza riflekta pande zote mbili za koti, chini usawa wa magoti ambako taa za gari hufika kwanza, na watoto wavalishwe fulana nzima ya kuakisi mwanga.

Hatua ya tatu: nyumba

Nyumba za Norwe zimezibwa vizuri, na nyingi hupashwa joto kwa hita za umeme, pampu ya joto au jiko la kuni. Kaya za mikoa ya kaskazini ya Nordland, Troms na Finnmark hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani kwa umeme wa nyumbani, lakini bado inafaa kupasha sebule vizuri na kuacha chumba cha kulala kiwe na ubaridi kidogo, jambo linalosaidia usingizi. Fungua dirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi mara mbili kwa siku badala ya kuliacha nusu kwa saa nyingi: mvuke wa ugali, wali na nguo zinazokaushwa ndani ukikosa pa kutokea huzaa ukungu ukutani.

Kamwe usiingize jiko la mkaa ndani, hata kwa kuchoma nyama kidogo, hata karibu na dirisha lililofunguliwa. Nyumba isiyopitisha hewa hujaa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. King'ora cha moshi kinatakiwa na sheria katika kila nyumba. Kijaribu mwanzoni mwa Desemba, mwezi ambao mishumaa huwashwa kila mahali, na uweke betri mpya.

Kuhusu taa, usitegemee balbu moja kali ya dari. Weka taa kadhaa ndogo zenye mwanga wa manjano kwenye pembe za chumba kwa ajili ya jioni, na moja kali jikoni au mezani kwa ajili ya asubuhi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio utaona nyota za karatasi na vinara vya taa saba madirishani mwa majirani. Weka na wewe yako hata kama huna desturi hiyo, kwa kuwa dirisha lenye taa humsaidia pia anayepita nje.

Hatua ya nne: gari

Katika Nordland, Troms na Finnmark matairi yenye misumari yanaruhusiwa kuanzia tarehe 16 Oktoba hadi 30 Aprili, na katika kipindi hicho meno ya tairi yasipungue milimita tatu. Yabadilishe mapema, kabla foleni ya gereji haijawa ndefu. Ndani ya gari weka kikwangua barafu, brashi, beleshi dogo, blanketi, tochi na nguo za ziada, hata kwa safari fupi, kwani barabara za milimani hufungwa dhoruba inapovuma au magari hupitishwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. Habari za barabara hupatikana kwa simu namba 175. Kabla ya kupanda mlima kwa miguu au kwa skii, soma onyo la maporomoko ya theluji kwenye tovuti ya Varsom, ambalo hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 5, na kwa mgeni asiye na mafunzo hata daraja la 2 ni sababu ya kubaki kwenye njia za mjini.

Hatua ya tano: vitamini D

Jua la majira ya baridi katika latitudo hii haliwezi kuufanya mwili utengeneze vitamini D, na mtu mwenye ngozi nyeusi huingia katika msimu huu akiwa na akiba ndogo zaidi, kwa sababu rangi ya ngozi hupunguza utengenezaji wake hata wakati wa kiangazi. Kiwango kinachopendekezwa Norwe ni mikrogramu 10 kwa siku kwa watu wengi na 20 kwa wazee waliovuka miaka 75. Kijiko kidogo cha mililita tano cha tran, yaani mafuta ya ini la samaki, hutoa mikrogramu hizo 10, na kwa desturi ya Wanorwe hunywewa katika miezi yote yenye herufi r katika jina lake la Kinorwe, Septemba hadi Aprili. Asiyeweza harufu yake anaweza kutumia vidonge. Tran ina vitamini A pia, kwa hiyo usiichanganye na virutubisho vingine vyenye vitamini hiyo, hasa mjamzito, bila kumuuliza daktari au mkunga.

Anayependa samaki ana bahati. Mapema katika mwaka mpya, samaki aina ya skrei hufika pwani kutaga mayai, na wenyeji hupika mølje, yaani samaki wa kuchemsha pamoja na ini na mayai yake. Ni chakula kilichowalinda watu wa pwani hii dhidi ya matege muda mrefu kabla ya vidonge.

Hatua ya sita: usingizi na saa ya mwili

Hapa ndipo msimu wa giza unaposhindwa au kushinda. Malalamiko makubwa ya wengi huwa ni usingizi uliovurugika: kukesha hadi usiku wa manane bila kusinzia, kisha kushindwa kuamka. Ubongo hutumia mwanga wa asubuhi kupanga saa yake, na mwanga huo usipokuja, saa huanza kuchelewa kidogo kidogo kila siku.

Shika saa moja ya kuamka kwa siku zote saba, hata Jumamosi. Ukishikilia hilo, saa ya kulala itajirekebisha yenyewe. Unapoamka washa taa zote. Ukiweza, nunua taa maalumu ya tiba yenye nguvu ya laksi 10,000 na ukae mbele yake kwa takriban dakika 30 wakati wa kifungua kinywa, taa ikiwa upande wa uso, huku ukiendelea kula au kusoma bila kuikodolea macho. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, amwone daktari kwanza. Usiitumie jioni, kwani itauchelewesha usingizi badala ya kuusaidia.

Kisha toka nje kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, kila siku, mawingu yawepo yasiwepo. Mwanga wa buluu wa adhuhuri unaonekana hafifu kwa macho lakini mwili huupokea, na mwendo wenyewe hupasha damu. Mfanyakazi wa ofisini atumie mapumziko ya chakula cha mchana kwa ajili hiyo. Mwanafunzi apange vipindi vya kujisomea asubuhi mapema au jioni ili adhuhuri ibaki wazi. Kahawa ikome mchana, na usingizi wa mchana usizidi dakika 20.

Kwa Waislamu kuna suala la nyakati za swala, maana jua halichomozi wala halizami. Wanazuoni wameruhusu kukadiria kwa ratiba ya Makka au ya mji wa karibu wenye mchana na usiku, na njia njema ni kufuata ratiba ya msikiti wa mjini ili jamaa wote waswali pamoja. Ratiba ya swala tano ni msaada mkubwa katika msimu huu, kwa kuwa huigawa siku ambayo anga limeacha kuigawa.

Huzuni ikizidi majuma mawili, hamu ya chakula na ya watu ikapotea, au mawazo ya kujidhuru yakaja, usisubiri Januari. Mwone daktari wako wa familia. Nje ya saa za kazi piga 116117, na kwa dharura ya uhai piga 113. Sheria ya ukalimani iliyoanza kutumika Norwe tarehe 1 Januari 2022 inazitaka taasisi za umma zitumie mkalimani mwenye sifa pale afya na haki za mtu zinapohusika, na wakalimani wa Kiswahili wapo. Omba mkalimani unapopanga miadi, na usimtumie mtoto kutafsiri maradhi ya mzazi.

Hatua ya saba: kutojifungia

Mwanasaikolojia Kari Leibowitz alipofanya utafiti Norwe, alikuta kwamba watu wa kaskazini zaidi walikuwa na mtazamo mwema zaidi kuhusu majira ya baridi kuliko wa kusini, na mtazamo huo uliambatana na kuridhika na maisha. Naamini sehemu kubwa ya mtazamo huo hujengwa na matendo. Kisiwa cha Tromsø kina njia ya kutembea na kuteleza kwa skii iliyowekwa taa, inayopita mgongoni mwa kisiwa karibu na ziwa Prestvannet, na utakuta humo watu wa rika zote saa za jioni. Januari huleta tamasha la filamu la kimataifa na mbio za msimu wa giza. Usiku wa anga safi hutoa mianga ya kaskazini, ya kijani na wakati mwingine zambarau, na huonekana vizuri ukienda mbali kidogo na taa za mji.

Watoto wapelekwe nje kila siku kama shule za chekechea za Norwe zinavyofanya. Andika jina la mtoto kwenye kila glavu na kila kofia, na weka jozi ya pili ya glavu shuleni, maana ya kwanza italowana kabla ya saa sita mchana. Usimfungie ndani kwa huruma.

Baada ya tarehe 21 Januari

Siku jua linaporudi, watoto hutolewa madarasani kulitazama na watu hula maandazi yenye jemu yanayoitwa solboller. Furahini nao, lakini msiweke vifaa kabatini. Theluji ya Tromsø huendelea kurundikana hadi Machi na Aprili, na kina kikubwa kilichowahi kupimwa, sentimita 240, kilikuwa tarehe 29 Aprili 1997. Endelea na tran hadi mwisho wa Aprili, acha beleshi mlangoni, na brodder zibaki mfukoni mwa koti hadi utakapoona lami kavu kwa juma zima. Taa ya tiba punguza taratibu kadiri mwanga wa asubuhi unavyorudi, na saa ya kuamka usiibadilishe, kwa sababu kuanzia karibu na tarehe 20 Mei jua halitazama kabisa, na utahitaji mapazia mazito yasiyopitisha mwanga. Yanunue Aprili.